Kompyuta za Nchi za Baridi Katika Visiwa vya Joto

Uingiapo msimu wa kaskazi, mafundi wa kompyuta wa mjini Unguja hawana nafasi ya kupumua. Kuanzia mwezi wa Disemba hadi kati ya Machi jua huwa kali, njia za ndani hutimka vumbi, na joto la mchana hufika nyuzi 32 au 33. Ndipo mashine zilizonunuliwa kwa furaha wakati wa kusi, pale upepo ulipokuwa mwanana, zinapoanza kuzimika zenyewe katikati ya kazi. Jambo hili tumekuwa tukiliona mwaka hadi mwaka, na leo tumeonelea tulizungumze kwa kirefu, kwani linagusa mifuko ya wananchi na, kama tutakavyoeleza mbele, linagusa pia fuko la Serikali.

Kilichotusukuma kuandika ni kisa cha kijana mmoja wa Ng'ambo. Mama yake, ambaye huuza maandazi asubuhi na urojo jioni, alifikiwa na zamu yake ya kibati, na badala ya kununua kabati aliloliazimia siku nyingi, akampa mwanawe fedha zile anunue kompyuta. Kijana alikuwa amemweleza kwamba ataitumia kuhariri picha za video za harusi ili apate riziki. Ni kweli alikusudia hivyo. Ni kweli pia, na mwenyewe ametukirimia, kwamba alitaka mashine ya kuchezea michezo ile mikubwa ambayo vijana wenziwe huizungumza barazani usiku kucha. Alichagua prosesa yenye sifa, kadi ya picha yenye sifa zaidi, na kasha la vioo pande tatu lililojaa taa za rangi. Alipoulizwa kuhusu pawa saplai, yaani kile kisanduku kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawa ndani ya mashine, alijibu kwamba atachukua hiyo hiyo iliyokuja na kasha.

Mashine ile iliishi miezi minane. Ilipita kusi salama, ikapita vuli, na ilipofika Februari ikatoa mlio mdogo kama wa kijiti kikivunjika, ikafuka moshi, ikanyamaza. Tulikuwapo fundi alipoifungua. Vumbi jeupe lilikuwa limetanda ndani kama unga wa kinu, na mapezi ya alumini yanayopoza prosesa yalikuwa yamezibwa kama yaliyoshindiliwa sufi ya mto. Penye skrubu palikuwa na kutu ya kijani. Ile pawa saplai, tulipoinyanyua, ilikuwa nyepesi kama kopo tupu, na kapasita zake zimevimba vichwa. Ilipokufa haikufa peke yake, bali iliondoka na kadi ya picha, ambayo ndiyo iliyokula zaidi ya nusu ya fedha za kibati.

Twajua wapo watakaouliza gazeti lina haja gani na michezo ya watoto. Jawabu letu ni kwamba kompyuta ya michezo ni sawa na ngalawa ya mashindano: uzima wake na ubovu wake huonekana tanga likijaa upepo. Mashine ya kuandikia barua hupumzika muda mwingi wa siku, na kasoro zake zaweza kujificha miaka. Mashine ya michezo hufanya kazi kwa nguvu zake zote saa tatu au nne mfululizo, tena mara nyingi katika chumba kidogo kisichopitiwa na upepo. Kwa hiyo kinachoistahimilia mashine hii hali ya visiwa vyetu kitaistahimilia pia mashine ya mwanafunzi, ya zahanati, ya mapokezi ya hoteli na ya afisi ya Wilaya.

Jambo la kwanza analopaswa mnunuzi kulifahamu ni kwamba feni haitengenezi baridi. Kazi yake ni kuusogeza upepo uliopo chumbani, na haiwezi hata siku moja kukifanya kitu kiwe baridi kuliko upepo huo wenyewe. Chukua mashine ambayo huko London, katika chumba chenye nyuzi 20, prosesa yake hufika nyuzi 70 mchezo ukipamba moto. Ilete hapa katika chumba cha nyuzi 32, uipe kazi ile ile, nayo itakuwa na nyuzi 82 au zaidi. Prosesa nyingi za siku hizi zimewekewa na watengenezaji wake kikomo cha nyuzi 95 au 100, na zikikaribia hapo hujipunguzia kasi zenyewe ili zisiungue. Mtu hulipia kasi dukani, kisha kaskazi ikamnyang'anya. Vipimo vinavyochapishwa Ulaya na Marekani aghalabu hupimwa katika vyumba vya nyuzi ishirini na kitu. Msomaji wa hapa anayevitazama aongeze kumi au kumi na mbili juu yake ndipo aamue.

Hatua ya pili ni kutambua joto lenyewe latoka wapi. Karibu kila wati ya umeme inayoingia katika kompyuta hugeuka joto na kubakia chumbani. Hapa ndipo tunapotofautiana na wauzaji wengi. Kadi ya picha ya GeForce RTX 4090 imekadiriwa kula hadi wati 450, na prosesa ya Core i9-14900K hadi wati 253 inapokazwa. Ukiziweka pamoja unapata wati mia saba, kabla hujahesabu kioo, diski na feni, nazo ni sawa na kuwasha taa saba za zamani za wati mia katika chumba cha kulala na kufunga mlango. Kinyume chake, kadi ya RTX 4060 imekadiriwa wati 115, na prosesa ya Ryzen 5 7600 imewekewa kipimo cha wati 65. Jumla yake haifiki theluthi ya ile ya kwanza. Kijana anayecheza mpira au mbio za magari katika kioo cha kawaida cha inchi 24 atatosheka na hii ndogo, na tofauti ataiona katika mambo mawili: jasho lake na uniti za TUKUZA zinazobaki mwisho wa wiki.

Wenye kiyoyozi nao wasijione wamesalimika. Kiyoyozi kidogo cha nyumbani, cha BTU 9,000, kina uwezo wa kuondosha joto la wati zipatazo 2,600. Mashine ya wati 600 humeza peke yake takriban robo ya uwezo huo. Mwenye nyumba hulipa umeme wa kuingiza joto, kisha akalipa umeme wa kulitoa.

Twasema bila ya kumung'unya maneno kwamba, kwa mnunuzi wa kisiwani, wati chache ni sifa kubwa kuliko kasi nyingi. Na ikiwa kadi imekwisha nunuliwa, zipo programu za bure zinazomwezesha mtu kuipunguzia kadi umeme, mathalan kwa sehemu moja katika tano. Kasi inayopotea ni kidogo, ilhali joto linalopungua laonekana wazi.

Wauzaji husifu sana kipoozaji cha maji, na kweli chapendeza machoni, mabomba yakizunguka na taa zikimeta. Lakini maji yale hatimaye hupelekwa katika rejeta ndogo inayopulizwa na upepo ule ule wa chumbani. Hayana kisima chao cha barafu. Maji ya ndani hupenya polepole katika kuta za mipira na kupungua mwaka hadi mwaka, na joto huongeza kasi ya kupungua huko. Pampu ikifa, aghalabu kifaa kizima hutupwa. Kipoozaji cha mapezi ya alumini na feni moja au mbili hakina cha kuvuja. Feni yake ikichoka, fundi yeyote wa Darajani, wa Wete au wa Mkoani ataibadilisha kwa robo saa, na mapezi yatabaki kuwa yale yale hata miaka kumi. Kwa kisiwa ambacho kipuri chaweza kungojewa kwa wiki mbili bandarini, sisi twachagua mapezi.

Tuje kwenye kasha, ambalo vijana hulichagua kwa taa zake. Waliojenga Mji Mkongwe walikuwa wakijua wanachokifanya walipoinua dari na kuweka madirisha yanayotazamana, ili upepo uingie huku na kutoka kule. Kasha la kompyuta nalo ni nyumba. Likiwa na kioo mbele, feni zake hukaa nyuma ya dirisha lililofungwa, zikivuta upepo kwa taabu kupitia upenyo wa upana wa kidole. Linalotufaa ni kasha lenye wavu mbele, na nyuma ya wavu huo chujio linaloweza kuchomolewa, kuoshwa na kurudishwa.

Na hapo lipo jambo dogo ambalo mafundi wengi hulipuuza. Feni zinazoingiza upepo ziwe na nguvu zaidi kuliko zinazoutoa. Zinazotoa zikizidi, kasha hupungukiwa na upepo na kuanza kuufyonza kwa kila tundu na kila mwanya, penye chujio na pasipo chujio, na vumbi likapata njia mia. Zinazoingiza zikizidi, upepo hutafuta njia ya kutoka kwenye mianya hiyo hiyo, na vumbi likabaki na mlango mmoja tu, nao una mlinzi. Feni mbili mbele zikiingiza na moja nyuma ikitoa zatosha kwa mashine tuliyoieleza. Chujio lioshwe kila wiki mbili wakati wa kaskazi, na likaushwe barabara kabla ya kurudishwa. Tumewahi kumwona mtu aliyelirudisha likiwa linadondoka maji, akashangaa kwa nini mashine yake imelia.

Vumbi la kwetu lahitaji maneno yake mbali, kwa kuwa watu hulidhania kuwa ni sawa na vumbi la jangwani. Vumbi la Unguja na Pemba limechanganyika na unga wa mawe ya matumbawe na chokaa inayomomonyoka kutoka katika kuta, na juu ya yote limebeba chumvi inayopeperushwa na mawimbi. Chumvi hiyo ndiyo adui. Chumvi ya kawaida huanza kuvuta maji hewani na kuyeyuka unyevu ukifika asilimia 75 hivi, na chumvi ya bahari, kwa kuwa ina magnesi ndani yake, huanza mapema zaidi. Hakuna mama wa nyumbani asiyelijua hili, kwani kila masika huiona chumvi ikilowana katika kopo lililofunikwa vizuri. Basi vumbi lililotua juu ya bodi kuu ya saketi hufanya vivyo hivyo. Mchana ni unga mkavu usio na madhara makubwa. Usiku unyevu upandapo hugeuka utando wa maji ya chumvi uliolala juu ya nyaya nyembamba kuliko unywele, na hapo kutu huanza.

Kwa sababu hiyo mashine inayofanya kazi kila siku hudumu kuliko ile iliyowekwa akiba. Iliyowashwa hujitia joto na kubaki kavu, ilhali iliyozimwa masika nzima hukaa ikinywa unyevu kama karafuu zilizosahauliwa uwanjani mvua ikinyesha. Mkulima wa Pemba haachi karafuu zake zilale nje, na hatuoni kwa nini mwanawe aiache kompyuta ya mamilioni chini ya dirisha linalotazama bahari. Wakaao ufukweni, kama vile Nungwi, Paje au Makunduchi, wanajua mabati yao hudumu muda gani. Mashine zao ziwekwe chumba cha ndani, mbali na upepo wa pwani, na zisafishwe mara mbili ya zile za mjini.

Kuhusu kiyoyozi tuongeze neno moja. Hewa yake ni kavu na husaidia. Hatari huja kinapozimwa na dirisha kufunguliwa papo hapo, ambapo hewa nzito ya nje hukutana na vyuma vya baridi na kufanya matone, kama yafanyavyo kwenye gilasi ya maji ya barafu. Mashine iliyobebwa kutoka chumba cha baridi isiwashwe mpaka ipite saa moja au mbili.

Sasa tumefika kwenye pawa saplai, ambayo kwa maoni yetu ndiyo mzizi wa msiba wa kijana wetu. Wananchi wa Unguja hawahitaji kufundishwa thamani ya umeme. Mwaka 2008 kisiwa kilikaa gizani takriban mwezi mzima, na tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010 kikakaa karibu miezi mitatu, kutokana na hitilafu za mfumo wa waya wa chini ya bahari unaotuunganisha na Bara. Pemba ilipata waya wake kutoka Tanga mwaka 2010, na Unguja ikapata waya mpya wenye uwezo wa megawati 100 mwaka 2013. Hali ya leo si ya wakati ule. Lakini kinachoua kompyuta si giza. Kinachoiua ni umeme unapodhoofika mpaka taa zikawa nyekundu, na zaidi ya hapo ni ule mshindo wa umeme unaporudi ghafla, friji na feni za mtaa mzima zikiamka kwa pamoja.

Pawa saplai njema huyakabili hayo bila ya kutetereka. Iliyo mbovu huyapitisha ndani. Tatizo ni kwamba kwa nje zote ni masanduku meusi, na maandishi ya wati mia sita yaweza kubandikwa juu ya chochote. Mnunuzi aangalie mambo ambayo hayabandikwi kirahisi. Kwanza ni joto lililotumiwa katika kipimo. Alama ya 80 Plus, ambayo wengi huitafuta na wanafanya vyema kuitafuta, hueleza jinsi umeme usivyopotea bure, lakini kipimo chake hufanywa katika hali ya nyuzi 23 hivi, ambayo hapa petu huipati hata alfajiri za kaskazi. Watengenezaji waaminifu huandika pia kwamba kifaa chao chaweza kutoa wati zake zote katika nyuzi 50. Wengine huandika 40, wengine 25, na wengine hawaandiki kitu. Ya nyuzi 25 ikiletwa hapa huwa imeahidi wati ambazo haiwezi kuzitoa.

La pili ni kapasita. Zipo zilizotengenezwa kustahimili nyuzi 85 na zipo za nyuzi 105, na kanuni inayotumiwa na wahandisi ni kwamba umri wa kapasita za aina hii hupungua kwa nusu kila joto liongezekapo nyuzi 10. Iliyotazamiwa kuishi miaka minane katika chumba cha baridi itaishi minne katika chumba chetu. Kwa hiyo kuchukua za nyuzi 105 si anasa. La tatu ni uzito, kwani shaba na alumini zina uzito na hewa haina. La nne ni miaka ya dhamana, ingawa dhamana isiyokuwa na mtu wa kuidai huku visiwani ni karatasi tu. Mama wa kijana wetu angekubali kwa moyo mkunjufu kuongeza kidogo kwenye kisanduku hicho na kupunguza kwenye taa, lau mtu angemweleza.

Ukutani nako kutazamwe. Nyumba nyingi zina soketi za matundu matatu ambazo tundu la tatu ni pambo, halikuungwa na waya wa ethi wala halijui ardhi iko wapi. Fundi umeme aitwe kwanza, muuza kompyuta baadaye. Stabilaiza iwekwe kati ya soketi na mashine, na iwe ile inayongoja dakika chache baada ya umeme kurudi, kama kifaa cha kulinda friji ambacho kila nyumba inakijua. Anayeweza kununua UPS na anunue, lakini akumbuke mambo mawili. Betri yake ni ya risasi na tindikali, na joto likizidi nyuzi 25 umri wake hupungua haraka, hata kufikia nusu kwa kila nyuzi kumi. Asiifungie basi kabatini, wala asiiweke nyuma ya kompyuta inakopulizwa hewa ya moto. Na UPS za bei ndogo hutoa umeme wa mawimbi yasiyo laini, ambao baadhi ya pawa saplai za kisasa huukataa na kuzima wakati ule ule zilipotakiwa kuokolewa. Vifaa hivyo viwili vijaribiwe pamoja dukani, kwa kuchomoa waya, kabla ya fedha kutoka mfukoni.

Kuhusu kumbukumbu na diski hatuna mengi. Gigabaiti 16 zatosha, na SSD haina kinachozunguka ndani yake, kwa hiyo hustahimili mtikisiko vizuri zaidi kuliko diski ya zamani. Iwekewe tu kile kibati chake cha kupoza.

Wapo wanaonunua vifaa vilivyokwisha tumika, vinavyoletwa kutoka Dubai na kwingineko, nasi hatuwalaumu, maana kadi njema ya mitumba yaweza kuwa nusu ya bei ya mpya. Ila nyingine zimefanyishwa kazi usiku na mchana kwa miaka katika kuchimba sarafu za mtandao, na feni zake zimekwisha. Mnunuzi aombe kadi ifanyishwe kazi nusu saa kamili, mchana, feni zikisikilizwa na nyuzi zikisomwa kwenye kioo. Duka likiwa na kiyoyozi, aombe kizimwe. Muuzaji atakayekasirika kwa ombi hilo amekwisha kutoa jawabu.

Haya yote yangekuwa ushauri wa nyumbani tu lau yasingekuwa yanajirudia maofisini. Tumepata kuona masharti ya zabuni ya taasisi moja, ambayo hatutaitaja, yakieleza kwa ukamilifu kasi ya prosesa, ukubwa wa kumbukumbu na inchi za kioo. Hapakuwa na neno hata moja juu ya joto ambalo mashine zitafanyia kazi, juu ya chujio, wala juu ya pawa saplai. Masharti kama hayo huandikwa kwa kunakili ya nchi nyingine, na mzabuni hana kosa anapoleta kile alichoombwa. Lakini mashine zilizonunuliwa kwa fedha za umma zikifa katika mwaka wa pili, na kumbukumbu za wagonjwa au za ardhi zikawa ndani yake, hasara haiwi ya karani peke yake.

Twapendekeza kwa heshima kwamba wahusika waongeze mistari michache katika masharti hayo: kwamba pawa saplai iwe imekadiriwa kwa nyuzi 50, kwamba kasha liwe na machujio ya kuoshwa, kwamba feni ziwe za ukubwa wa kawaida unaopatikana madukani, na kwamba kila mashine ishirini zije na feni na machujio ya akiba. Gharama yake ni ndogo kando ya bei ya mashine. Kisha kila afisi iwe na siku mbili kwa mwaka za kufungua na kusafisha, moja kaskazi ikiisha kabla ya mvua za masika, na nyingine kabla ya kaskazi kuingia. Vijana wanaosomea ufundi katika Taasisi ya Karume ya Sayansi na Teknolojia pale Mbweni wangeweza kupewa kazi hiyo kuwa sehemu ya mafunzo yao, nao wakajifunza kwa vumbi la kweli badala ya lile la vitabuni.

Tumalizie na kijana wetu. Fundi aliinusuru prosesa na diski. Kadi ya picha haikuweza kuokolewa, na badala yake amepata iliyotumika, ya wati 115, aliyoijaribu mwenyewe saa saba mchana. Kasha la vioo amelibadilishana na mwenzake kwa la wavu, na pawa saplai mpya ameilipia kwa fedha za harusi tatu alizozihariri kwa mashine ya kuazima. Kompyuta sasa iko juu ya meza, shubiri mbili kutoka ukutani, mbali na dirisha. Tulipokwenda kuitazama tuliikuta inafanya kazi huku imefunikwa kitambaa cheupe kilichofumwa kwa mkono, chenye mawaridi pembeni, kama ilivyofunikwa redio ya marehemu babu yake. Mama alituambia anaikinga na vumbi. Tulimwomba akiondoe kwa sasa, na akirudishe usiku, mashine ikiwa imezimwa na imepoa. Alikikunja akakiweka mapajani, akakaa akiisikiliza feni.